Karatasi Chini ya Waipa: Ulipe, Ubishe, au Uifungie Mandazi?

Umetoka dukani na unga pakiti mbili, mafuta ya kupikia na kipande cha sabuni. Jua la Kisumu la saa nane linakupasua utosi. Unafika kwenye gari, lo! Karatasi imelala chini ya waipa, herufi kubwa kama tangazo la mazishi: FAINI YA MAEGESHO SHILINGI 2,000. Na vitu vyenyewe ulivyonunua havifiki elfu moja!

Hapo ndipo wenye magari hugawanyika. Kuna wanaolipa papo hapo huku mikono ikitetemeka, kana kwamba OCS, mkuu wa kituo cha polisi, yuko nyuma ya mti anawasubiri. Kuna wanaoikunja na kufungia mandazi. Wote hao hawajaisoma.

Isome basi. Kwanza tazama ni nani aliyeiandika. Kama ni kaunti, sahau yote nitakayosema hapa. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliwapa kaunti kazi ya trafiki na maegesho, na kanjo, yaani askari wa kaunti, ana sheria mfukoni na yadi ya kulivutia gari lako. Ya kaunti haifungiwi mandazi. Lakini ukiona jina la jengo au la kampuni ya walinzi, hiyo si faini hata ikiandikwa kwa wino wa dhahabu. Faini hutoka kwenye sheria. Mwenye uwanja ana mkataba tu: bango lilikuwa getini, ukaliona, ukaingia, kwa hiyo umekubali masharti yake. Anachokudai ni deni, sawa na la mama mboga, ila mama mboga hana klampu, chuma cha kufunga gurudumu.

Na sasa binamu wa Uingereza. Kila ukoo una mmoja. Ukituma tu picha ya karatasi kwenye grupu la familia, anajibu kabla ya watu wa Kondele hapa Kisumu: "Tupa hiyo, hawana la kukufanya!" Binamu, hata huko kwenu ushauri huo umechacha. Sheria ya 2012 iliyowakataza kufunga magari klampu kwenye viwanja vya watu binafsi England na Wales ndiyo hiyo hiyo iliyowapa wenye viwanja njia ya kumdai mwenye gari hata kama aliyeendesha ni mwingine. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu yao ikaamua, katika kesi ya ParkingEye na Beavis, kwamba pauni 85 kwa kupitisha muda ni halali. Uwanja ule ulikuwa na mabango kama 20, yanasomeka vizuri.

Sheria hiyo ya 2012 haikupanda ndege kuja huku, kwa hiyo klampu ingali inang'ata. Kilichofika ni kingine: Sura ya 23 ya sheria za Kenya inafuata sheria ya mikataba ya Uingereza. Ndiyo maana kesi ya 1971 ya Thornton na Shoe Lane Parking ina faida hata kwa mwenye Probox. Mahakama ilisema sharti unaloletewa baada ya mashine kukutemea tiketi limechelewa; ulipaswa kuliona kabla. Kwa hiyo ugomvi wote unaanzia kwenye bango.

Rudi getini kwa miguu, ujifanye unaingia. Dereva aliyekaa kiti cha kulia anaweza kulisoma bila kushuka? Mabango mengine yamemezwa na bogenvilia, yanaonekana neno KARIBU peke yake. Mengine yana maandishi madogo kama ya chupa ya dawa ya kikohozi. Piga picha tatu: moja ya mbali kwa urefu wa jicho la dereva, moja ya karibu inayoonyesha kiasi na masharti, moja kutoka mahali ulipoegesha. Ukizituma kwa WhatsApp usifute zile za kwanza, kwa sababu WhatsApp huibana picha na kuondoa saa na tarehe zilizohifadhiwa ndani ya faili.

Tiketi nayo ina vituko vyake. Karatasi ile haina wino. Huandikwa kwa joto. Ukiiacha kwenye dashibodi, joto la Kisumu nalo linaandika ya kwake: karatasi inageuka nyeusi tii, au jua linafifisha maandishi hadi ubaki na kipande cheupe kama kitambaa cha kanisani. Halafu unafika kulipa, unaambiwa tiketi haisomeki, ulipe ya tiketi iliyopotea. Ipige picha ukiipokea tu, kabla kizuizi hakijainuka, kisha itie mfukoni.

Halafu piga hesabu ya saa. Tuseme bango linasema dakika 30 za kwanza ni bure. Tiketi inasema umeingia 8:02, risiti ya duka 8:19, ujumbe wa M-Pesa 8:20, na kamera ya kutokea inasema 8:41. Dakika 21 ulikuwa wapi? Kwenye foleni ya kutoka, nyuma ya mtu mwenye noti ya elfu moja na mtunza geti asiye na chenji! Mashine huhesabu kutoka kizuizi hadi kizuizi, haijui foleni. Kwa hiyo piga picha ya foleni. Na kama saa ya mashine inakimbia, shika simu yako kando ya kioo chake, mwombe jirani azipige picha pamoja.

Klampu ikiwa tayari imeng'ata gurudumu, hapo umeshikwa pabaya. Usije na msumeno. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa chini ya kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu, na deni la elfu mbili litakuwa limekutafutia seli. Usiwashe gari ukidhani chuma kitateleza. Kitapanda na gurudumu, kipasue madigadi, pengine kiguse na bomba la breki. Piga picha ya rimu kabla hawajafungua, maana mikwaruzo huonekana klampu ikitoka na kila mtu husema aliikuta.

Atakuja soja, mlinzi wa geti, atainama dirishani na sauti ya chini: "Mkubwa, si tuongee vizuri? Weka mia tano kwa namba yangu tu." Hiyo mia tano haina risiti. Kesho karatasi ingali kwenye daftari, namba ya gari imezungushiwa duara. Kama ni lazima utoke, lipa kwa Paybill au till, namba za M-Pesa za biashara, na jina litakalotokea kwenye simu liwe la kampuni, si la Omondi. Kwenye risiti na nakala watakayobaki nayo, andika: "Nimelipa huku nikipinga, ili gari lifunguliwe." Bila maneno hayo watasema uliridhika.

Ukishatoka geti, mambo yamegeuka. Sasa wao ndio wa kukufuata. Kupuuza kunawezekana kama hutarudi pale, kwa mfano umepita tu ukielekea Busia. Lakini kama ndipo unaponunua unga kila mwisho wa mwezi, siku utakayorudi daftari litakukumbuka kuliko shemeji unayemdai. Na deni la mkataba lina miaka 6 ya kudaiwa mahakamani, kwa hiyo barua ya wakili ikija usiitie kwenye jiko. Ijibu.

Barua ya kupinga iwe nusu ukurasa. Hasira haina nafasi. Taja namba ya gari, namba ya karatasi, saa ya kuingia na ya kutoka, herufi na tarakimu zote 10 za muamala wa M-Pesa kama umelipa, kosa lao kwa sentensi moja, na unachotaka: wafute au warudishe. Mpelekee meneja wa jengo, si soja. Soja hakuandika masharti, na meneja ana wapangaji wanaolalamika wateja wakikimbia. Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Wakikaa kimya na pesa zako wanazo, kuna Mahakama ya Madai Madogo chini ya sheria ya 2016. Inasikiza madai hadi shilingi milioni moja, fomu zake ni nyepesi, hulazimiki kuwa na wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Kwa klampu ya elfu tano na rimu iliyokwaruzwa, nenda. Kwa mia mbili za kupitisha muda, hesabu boda ya kwenda na kurudi, nakala za kuchapisha, na siku ya kazi iliyopotea ukikaa kwenye benchi na mtu anayedaiana na jirani kwa sababu ya mbuzi.

Mia mbili hiyo, lipa. Ila lipa kwa Paybill.