Masika haina tarehe

Machi 20 simu iliniletea ujumbe: leo majira ya kuchipua yameanza. Nipo Dar, feni imeshindwa na joto, na kilichochipua ni vipele vya shingoni tu.

Nilicheka, lakini nikajiuliza: nani anaamua? Hata huko kwenye majira manne kuna tarehe mbili. Wanafalaki husubiri jua livuke ikweta, ndiyo hiyo Machi 20 au siku ya jirani. Watu wa hali ya hewa wao huanza Machi 1, basi, maana miezi mitatu mizima ni rahisi kuilinganisha mwaka kwa mwaka. Ni urahisi wa ofisini, wala siwalaumu.

Nasi tumekaririshwa vivyo hivyo: masika Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. (Dodoma na Singida wanatutazama tu, wao wana msimu mmoja, Novemba hadi Aprili.) Wazee wa pwani walihesabu kuanzia Nairuzi, siku yao ya mwaka mpya, siku kumi kumi, mwongo baada ya mwongo, na mkulima alijua mwongo upi ni wa kupanda nini. Hesabu tamu, ila mwaka wake ni siku 365 kavu, hauna siku ya nyongeza, hivyo Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila miaka minne. Kwa karne ni siku 24 na ushee. Leo Makunduchi, kule Unguja, wanachoma kibanda cha Mwaka Kogwa, sherehe ya Nairuzi hiyohiyo, mwezi Julai. Wakiendelea hivyo, wajukuu wao watakichoma Juni.

Mimi nasema mwanzo wa msimu ni hali, si tarehe. Ndiyo maana utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unaotaja wiki na kanda naupenda kuliko kalenda ya ukutani.

Marehemu mjomba, kule Kilosa, alikuwa na kipimo chake. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi anaingia shambani pekupeku, anapiga jembe moja la nguvu, anachota udongo wa chini na kuufinya kiganjani. Ukishikamana, mbegu zitoke. Ukimwagika, anarudi kunywa chai, hata redio itangaze nini.

Mwaka mmoja tulimzidi kwa maneno, tukapanda mahindi mvua ya kwanza tu. Jua likawaka wiki mbili. Mjomba hakusema kitu. Alitukabidhi hela ya mbegu nyingine na kutuuliza kama tumeshakunywa chai.