Chumba kizima sponji, na besi bado inavuma

Najua maprodyuza wenzangu mnaorekodi muziki chumbani mtanirushia mawe, ila acha niseme tu: ile sponji nyembamba nyeusi yenye vipembe mnayobandika ukutani toka chini mpaka juu ili kutuliza sauti, bora ukuta ungebaki mtupu. Sitanii. Trei za mayai ndo hata sitaki kuziongelea, yale ni makaratasi, yanapendeza kwenye picha za Insta basi.

Shida iko hivi. Vyumba vyetu vingi huku Dar ni futi 10 kwa 10, tofali la saruji, plasta, tailizi chini, jipsam juu, dirisha la aluminiamu. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, sasa ukuta kwa ukuta hapo ni kama mita 3, kwa hiyo kuna besi ya kama hezi 56 (mitikisiko 56 kwa sekunde) ambayo chumba chenyewe kinaipenda, inagonga huku inarudi kule inajirundika, na kwa vile urefu na upana wa chumba ni sawasawa basi kuta zote nne zinaipigia debe besi ileile moja. Wimbi lake lina urefu wa mita 6 hivi. We unalipelekea sponji ya inchi moja! Inchi moja inafanya kazi vizuri kwenye sauti za juu tu, yaani zile "s" na "sh" na matoazi, huku chini haigusi kitu.

Matokeo yake juu kumekufa kabisa, chini kunavuma vilevile. Sauti ya mwimbaji inatoka imezibwa, utadhani msanii kaimba kajifunika blanketi, anayemiksi anaanza kuongeza trebo, yaani sauti za juu, kufidia, wimbo ukipigwa kwenye gari unachoma masikio. Halafu lawama anatupiwa maiki, "hii maiki ya bei chee bana", mtu anaenda kukopa anunue maiki ya kondensa ya maana ambayo ndo kwanza inadaka kila uchafu wa kile chumba. Ukuta mtupu angalau unakuwa mkweli, unapiga makofi unasikia ule mlio wa "trrr" unajua kabisa hapa pana tatizo. Sponji inakuficha hilo tatizo.

Unabisha? Weka noti ya A ya chini kwenye 808 (ile besi nzito ya mashine ya ngoma), ile ya hezi 55, iache ilie mfululizo, simama katikati ya chumba halafu tembea polepole mpaka kwenye kona. Katikati inapotea karibu yote, kwenye kona inakugonga kifuani. Sasa kiti cha prodyuza kwenye chumba cha futi 10 kinakaa wapi? Katikati palepale. Ndo maana unaongeza besi unaongeza besi, jirani analalamika na we bado unaona haitoshi.

Na mambo haya yana miaka. Mwaka 1895 pale Harvard, Marekani, kuna mwalimu wa fizikia anaitwa Wallace Sabine alipewa ukumbi wa mihadhara ambao mwangwi wake ulikuwa unameza maneno, basi usiku watu wakilala anabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, anaongeza mito anapunguza mito huku anapima mwangwi unachukua muda gani kufa, na hesabu aliyoitoa pale inatumika mpaka leo. Mito ya kukalia jamani! Vitu vinene, laini, vinavyopitisha hewa.

Kwa hiyo kwangu mimi hela iende kwenye unene. Ukipata rokuuli, ile pamba ya mawe wanayozungushia mabomba ya moto viwandani, chukua ya sentimita 10. Ukikosa, nenda kwenye mitumba, nunua mataulo mazito yaliyochakaa ambayo hamna anayeyataka, piga fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 120, kina sentimita 10 au 15, panga mataulo humo bila kuyakandamiza, funika na kitenge, piga stepla kwa nyuma. Kitenge kijaribu kwanza dukani, weka mdomoni upulize, pumzi ikipita na sauti itapita. Ngozi na nailoni zinagoma.

Anza na kona, maana besi inajazana huko, fremu isimame kimshazari iache uwazi nyuma yake. Ukibaki na hela ndo uende pembeni: kaa kwenye kiti, mwambie mtu ateleze kioo ukutani, pale unapoiona spika kwenye kioo ndo panapotaka fremu. Na dari juu ya kichwa chako usiisahau. Kuta zingine achana nazo, weka kabati, weka nguo, ishi.

Kuhusu kelele za kwenda kwa jirani na za bodaboda kuingia ndani, hakuna kati ya hivi kitakachokusaidia, kuzuia sauti kunataka ukuta mzito na mlango usio na upenyo, hiyo ni bajeti nyingine. Rekodi usiku.

Kingine kinachonitisha ni moto. Sponji ya godoro inashika haraka na moshi wake ni sumu. Mwaka 2003 klabu moja huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kupunguza kelele, wakafa watu 100. Studio zetu zina ekstensheni juu ya ekstensheni, dirisha limefungwa, na chini ya meza mtu kawasha dawa ya mbu ya kuchoma. Halafu kuta nne zote sponji.

Kwa ambao mmeshanunua, msitupe. Zibandueni, pangeni vipande vinne vitano kwa kubebanisha mpaka vifike sentimita 10 au zaidi, tieni kwenye fremu nyuma ya kitenge, simamisheni kwenye kona mbali na soketi. Halafu rudieni ile noti ya A.