Wapinzani wa Berlinguer walimzika kwa heshima, nasi tunagombania fulana

Wazee wa Padova bado wanamzungumzia Enrico Berlinguer, aliyekuwa kiongozi wa Wakomunisti wa Italia, kama mtu wa ukoo wao, hata wale ambao hawakuwahi kukipigia kura chama chake. Mimi ni Mtanzania, na kazi yangu hapa Italia ni kutunza wazee majumbani mwao, na jina hilo nalisikia kuliko la waziri mkuu yeyote aliye hai. Katika mji huuhuu, Piazza della Frutta, tarehe 7 Juni 1984, alipatwa na kiharusi akiwa jukwaani. Watu walimsihi aache kuhutubia. Aliendelea mpaka akamaliza, akiwaomba waende nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa. Alifariki siku nne baadaye, na umri wake ulikuwa miaka 62.

Rais Sandro Pertini alimrudisha Roma kwa ndege ya rais. Giorgio Almirante, kiongozi wa chama cha warithi wa ufashisti, alikwenda mwenyewe makao makuu ya Wakomunisti kumuaga. Hebu fikiria hilo kwa siasa zetu.

Heshima ile ilitoka wapi? Berlinguer alizaliwa Sassari, kisiwani Sardinia, katika familia ya kikabaila, na tangu 1972 aliongoza chama kikubwa kuliko vyote vya Kikomunisti Ulaya Magharibi. Mwaka 1981 aliliambia gazeti la La Repubblica kwamba vyama vimegeuka mitambo ya madaraka na upendeleo, vimekalia serikali, mabenki, hospitali, vyuo vikuu na televisheni ya taifa. Wengi waliona anahubiri. Februari 1992 mkuu wa makao ya wazee kule Milano akakamatwa akipokea rushwa kutoka kwa mwenye kampuni ya usafi, na uchunguzi ulioanzia hapo ukaviangusha vyama vilivyotawala tangu vita. Mimi ninayewaogesha wazee kila asubuhi kashfa hiyo inaniuma kwa namna yake: ile ilikuwa pesa ya kupigia deki vyumba vya watu wasioweza kusimama.

Sisi Watanzania tulikuwa na dawa mapema. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 miiko hiyo ikalegezwa kwa Azimio la Zanzibar. Kisha ikaja sheria ya takrima mwaka 2000, iliyoruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Lakini nikipiga simu nyumbani wakati wa kampeni bado nasikia habari za fulana, khanga na sahani ya pilau.

Ndugu zangu wengi wa ughaibuni husema tunachohitaji ni kumpata Mwalimu mwingine. Mimi nampenda Mwalimu, ila hapo siwafuati. Mwaka 1977 Berlinguer alisimama Moscow, mbele ya wakubwa wa chama kisicho na mpinzani, akasema demokrasia ni thamani ya watu wote duniani. Kwetu chama kilikuwa kimoja kisheria toka 1965 hadi 1992. Kwa hiyo miiko ilipoondolewa, mwananchi hakuwa na kura ya kuwaadhibu walioiondoa. Aliyeiweka alikuwa mwadilifu. Waliomfuata hawakulazimika kuwa hivyo.

Italia ya leo siipambi. Vijana wengi hawaendi tena kupiga kura, na sisi wahamiaji tunaowalea wazazi wao hatuna kura bila uraia. Chama cha Berlinguer chenyewe kilijivunja 1991, mwaka uleule wa azimio letu la Zanzibar.

Ninachotaka nyumbani ni kitu kinachowezekana. Viongozi wetu hujaza fomu za mali na madeni na kuzipeleka Sekretarieti ya Maadili. Basi fomu hizo zibandikwe kwenye mbao za matangazo za kila kata, kabla ya uchaguzi na baada yake, ili mama muuza mbogamboga alinganishe nyumba zilizoandikwa na zile anazozipita kila siku akienda sokoni.