Nani kaileta maktaba hii kwenye sshd?

Msimamizi wa seva anayejua toleo la kila programu yake lakini hajui inategemea maktaba zipi, yaani vipande vya msimbo ambavyo programu nyingi huvitumia kwa pamoja, kwa maoni yangu, anajua nusu tu ya kile anachokilinda. Machi 2024 tulionyeshwa hivyo waziwazi, na bado naona hatujalitilia maanani.

Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waendelezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, aligundua kwamba kuingia kwenye seva kutoka mbali kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipofukua akakuta mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, ndani ya liblzma, maktaba ya kubana data, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, kifurushi chenye maktaba hiyo. Sasa sshd, programu ya seva inayopokea miunganisho ya SSH, na xz wapi na wapi? OpenSSH yenyewe, mradi unaoitoa sshd, haiihitaji liblzma hata kidogo. Ila wasambazaji wa Linux kama Debian, Fedora na wengineo walikuwa wameongeza kiraka chao, yaani badiliko dogo la msimbo, ili sshd iipe systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma, taarifa kwamba imeshaanza kazi. Kiraka kikaileta libsystemd, maktaba ya systemd, nayo libsystemd ikaja na liblzma.

Ukiipima sshd ya namna hiyo kwa amri ya readelf -d, kwenye mistari ya NEEDED, inayotaja maktaba ambazo faili inazihitaji moja kwa moja, utaiona libsystemd, liblzma huioni. Ukitumia amri ya ldd inajitokeza, kwa kuwa ldd hufuata mnyororo hadi mwisho. Wengi huishia kwenye orodha ile fupi na kuridhika, na hilo ndilo linalonisikitisha, maana hatari ilikuwa hatua moja tu mbele.

Lakini faili usiyoiamini usiipe ldd. Mwongozo wake wenyewe unaonya kwamba wakati mwingine inaweza kuishia kuendesha msimbo wa faili hiyo. Hapo tumia objdump -p, inayoisoma faili bila kuiendesha, kisha fuatilia maktaba mojamoja kwa mkono. Inachosha, lakini ni salama.

Tena, ldd haizioni maktaba zinazopakiwa kwa dlopen, wito wa kupakia maktaba, wakati programu tayari inafanya kazi. Tangu toleo la 256 la systemd, libsystemd huipakia liblzma kwa njia hiyo, pale tu inapohitajika. Naunga mkono uamuzi huo: sshd haina sababu ya kubeba mzigo usio wake. Ila sasa kuchunguza faili peke yake hakutoshi. Inabidi kusoma /proc/PID/maps ya programu inayofanya kazi (PID ni namba yake), inayoorodhesha faili zilizopakiwa kwenye kumbukumbu yake.

Mimi huhifadhi matokeo ya ldd ya kila huduma inayofikika kutoka intaneti, na baada ya kila sasisho nayalinganisha kwa diff, amri inayoonyesha tofauti. Ukitokea mstari mpya, sasisho haliendi kwenye seva nyingine mpaka nijue ni kifurushi gani kimeuleta na kwa nini.