Na makapi ya zabibu je?
Nimesoma makala yenu, na mwandishi kaeleza vizuri majani ya mwarobaini yanavyotumika kutengeneza chembe ndogo mno za madini ya fedha za kuua bakteria, badala ya kemikali kali kama sodiamu borohaidraidi. Ila sisi wa Dodoma tuna kitu kingine. Nendeni Hombolo au Mpunguzi wakati wa mavuno mkaone makapi yanavyorundikana nyuma ya mashine za kukamulia mvinyo, maganda na mbegu tupu, nyuki wamejaa. Yale yana polifenoli (kemikali za asili za mimea) tele, na hizo zinaweza kugeuza ayoni za fedha, yaani atomi zake zenye chaji ya umeme, kuwa chembe. Ukichanganya maji yaliyochemshiwa makapi na naitreti ya fedha (chumvi ya madini hayo inayotoa ayoni hizo), rangi huelekea kahawia. Hapo chembe zinaundika, chini ya nanomita 100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita).

Lakini tusidanganyane kwamba kila kitokanacho na mmea ni salama. Naitreti yenyewe bado ni ya kununua, tena si bei ya nyanya. Na fedha haichagui, inaua hata bakteria wenye faida na vijidudu vya majini. Nyie watafiti mnataka kuzitumia kuchujia maji ya visima vyetu (ambako kero kubwa ni chumvi, na chembe hizi haziiondoi)? Kwanza mtuambie mabaki ya maabara yanamwagwa wapi.