Kuziba veranda kwa vioo: Njombe si Dar es Salaam

Mwaka juzi dada yangu anayeishi Tabata, Dar es Salaam, alimwita fundi wa alumini, akaizungushia veranda yake vioo kuanzia sakafuni hadi chini ya boriti. Alitaka sebule ya pili, mahali pa kunywea chai bila vumbi wala mbu. Leo mle ndani mna baiskeli za watoto, gunia la mkaa na pazia zito lisilofunguliwa. Ikifika saa nane mchana hakukaliki. Hata sebule kubwa, ambayo zamani ilipoa kwa feni moja, sasa inafuka joto.

Kilichotokea si uzembe wa fundi. Kioo hupitisha mwanga wa jua bila shida. Mwanga ukigonga sakafu na viti, vinapata moto, na joto linalotoka humo kioo hakiliachii kurudi nje. Ndivyo banda la kuoteshea nyanya linavyofanya kazi. Veranda ya Pwani ilibuniwa kwa kazi iliyo kinyume kabisa: kuukinga ukuta na jua, huku upepo ukipita. Na yale madirisha ya kuteleza tunayoyapenda hufunguka nusu tu, kwa hiyo hata ukiyaacha wazi yote, nusu ya upepo imeshazuiwa.

Wanaoziba, hata hivyo, wana hoja, na mimi siwacheki. Veranda tayari ina msingi, sakafu na paa, hivyo kuigeuza chumba ni nafuu kuliko kuongeza chumba kipya. Mvua ya masika hailoweshi tena viti. Mtoto anapata pa kusomea penye mwanga, na mwizi wa viatu anakosa riziki. Wengine husema joto litamalizwa na kiyoyozi. Hapo ndipo ninapokataa: ni kulipia umeme kila mwezi ili kuondoa joto uliloliingiza kwa gharama yako mwenyewe.

Sasa panda hadi Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa Juni. Huko watu hushinda na makoti ndani ya nyumba, na wengine huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, jambo linaloua. Chumba cha vioo kinachonasa jua la mchana ni neema kwa mzee mwenye maumivu ya viungo, na kwa mama anayemwogesha mtoto mchanga. Kwa nyumba ya namna hiyo ningekipigania.

Lakini kielekezwe wapi? Picha na ramani nyingi tunazoziiga zimetoka Ulaya, na zinasema kusini. London kweli ni kusini, kwa sababu jua la Desemba huko hupita upande huo, tena chini sana, nyuzi 15 hivi saa sita mchana. Njombe iko nyuzi 9 kusini mwa Ikweta. Juni, wakati wa baridi, jua lake hupita upande wa kaskazini, kama nyuzi 57 juu ya upeo wa macho, na kuingia vizuri kwenye kioo kinachotazama kaskazini. Ikifika Desemba, jua la mchana limehamia kusini na kioo kile kiko kivulini. Nyumba inajipasha na kujipoza yenyewe. Magharibi ndiko pa kuogopwa popote ulipo, maana jua la alasiri hupita chini ya upenu wowote.

Paa libaki la bati na dari, hata Njombe. Kioo juu ya kichwa hukutana na jua la mchana moja kwa moja, na mvua ya mawe haina huruma. Ukuta na mlango wa zamani visibomolewe pia, kwani usiku kioo hupoteza joto upesi na chumba hicho huwa cha kwanza kupoa. Penye watoto, dai kioo kilichoimarishwa kwa moto, kile kinachomeguka punje punje badala ya mapande yenye makali. Na uliza kibali halmashauri kabla ya kununua chochote.

Kwa Pwani bado nauona wavu wa mbu kwenye fremu, au matofali ya matundu, kuwa jibu bora. Kuna jambo jingine linaloniuma: baraza. Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, benchi la mawe mbele ya nyumba ndipo mpita njia anaposalimiwa na habari za msiba zinapofika kwanza. Tangu vioo viwekwe Tabata, jirani wa dada hubisha hodi getini na kusubiri, wakati zamani waliamkiana kutoka mbali.

Mwezi ujao fundi anarudi kung'oa vioo vya pande mbili na kuweka wavu. Dada ameomba aanze na upande wa magharibi.