Kabla ya Kununua Printa ya Mtumba, Iulize Yenyewe

Muuzaji wa printa za mtumba Kariakoo atakwambia mashine ilikuwa ofisini na haijafanya kazi kubwa. Si lazima awe anadanganya. Mara nyingi naye hajui. Printa ndiyo inayojua, kwa sababu nyingi za leza zenye tundu la waya wa mtandao hutunza hesabu ya kurasa tangu zilipotoka kiwandani. Ukiiunganisha na kompyuta yenye Net-SNMP, programu ya bure inayouliza vifaa vya mtandao habari zao kwa utaratibu uitwao SNMP, unaandika amri moja:

snmpget -v1 -c public 192.168.1.50 1.3.6.1.2.1.43.10.2.1.4.1.1

Anwani ya 192 utaweka ya printa yako. Ule mlolongo unaofuata unatokana na Printer-MIB, mpangilio wa pamoja wa taarifa za printa uliotolewa mwaka 1995 na kurekebishwa mwaka 2004. Kwa kuwa ni wa pamoja, swali hilohilo unaweza kuiuliza HP, Kyocera au Ricoh bila kutafuta programu ya kila kampuni. Naona kila anayenunua mashine iliyokwisha kutumika ana haki ya kuiona namba hiyo kabla hajatoa pesa.

Wapo mafundi wanaoona huku ni kujisumbua: bonyeza vitufe, printa itachapa yenyewe ukurasa wa taarifa zake. Wana hoja, na kwa printa ndogo za USB zilizojaa kwenye steshenari zetu njia hiyo ndiyo inayofaa. Lakini fundi anayehudumia ofisi yenye mashine ishirini hawezi kuzungukia vitufe vyote kila mwisho wa mwezi. Amri moja ndani ya faili humletea hesabu zote akiwa amekaa.

Hoja nzito zaidi ni kwamba namba hizi zinapotosha asiyezielewa. Badilisha ile 4 iliyo kabla ya 1.1 za mwisho iwe 3, printa itakutajia kipimo inachotumia: 7 ni pande zilizochapwa, 8 ni karatasi. Karatasi ya pande mbili huhesabiwa mara mbili kwenye kipimo cha kwanza, mara moja kwenye cha pili. Kiasi cha tona, yaani wino wa unga, ambacho huulizwa kwa mlolongo mwingine, ndicho kinachosumbua kabisa. Mashine ikijibu -3 inamaanisha tona ipo, kiasi hakitajwi. -2 ni kwamba haijui. Hata ikitoa asilimia, katriji nyingi hutegemea chipu, na katriji iliyojazwa upya bila kubadilishiwa chipu inaweza kusomeka tupu ilhali imejaa. Kwa hiyo kaunta ya kurasa naiamini zaidi kuliko kipimo cha tona, na hata hiyo naipima kwa macho: rola zilizolika na kusuguka hadi zinang'aa haziendani na kurasa elfu tatu. Kwenye mashine nyingine, bodi ikibadilishwa hesabu nayo hubadilika.

Halafu kuna usalama, na hapa wanaopinga wana haki kamili ya kuwa na wasiwasi. Neno public katika amri ile ndilo nywila, na printa nyingi zimeachwa nalo tangu kiwandani. Matoleo ya 1 na 2c ya SNMP hulipitisha mtandaoni bila kulificha. Mgeni aliyepewa Wi-Fi ya ofisi anaweza kusoma unachosoma wewe, na pale printa inaporuhusu kuandikiwa, akabadilisha mipangilio. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walijaribu printa 20 za mtandao na kila moja ikakutwa na udhaifu, kupitia lugha za printa kama PJL na PostScript.

Hata hivyo, kuacha kuipima printa hakuufungi mlango huo. Uko wazi hata kwa asiyewahi kusikia habari za amri hii. Soma kaunta ukiwa dukani. Ukishanunua, badilisha neno public kabla mashine haijaingia kwenye mtandao wa ofisi, zima ruhusa ya kuandika, na kama ina toleo la 3 la SNMP lenye usimbaji, yaani linaloficha yanayopita mtandaoni, tumia hilo. Muuzaji akikataa kuiunganisha, mwombe ukurasa wa taarifa. Akikataa vyote viwili, mpe bei ya mashine iliyochoka.